Vumbi la Alumini: Hatari Iliyojificha Katika Karakana Zetu

Mwishoni mwa mwaka jana kamati ya msikiti wetu iliafikiana kuyaondoa madirisha ya mbao yaliyoliwa na mchwa na kuweka ya alumini. Nikiwa katibu, nilitumwa Chake Chake kuzungumza na fundi. Mvua za vuli zilikuwa zikinyesha na milango ya karakana ilikuwa imefungwa. Ndani, kijana mmoja alikuwa akisaga kingo za fremu kwa grenda, mwingine akichomea geti la chuma hatua chache pembeni, na wa tatu, mwanafunzi wa miaka kama 16, akilipuliza vumbi mezani kwa kompresa. Hewa ilijaa rangi ya fedha mpaka mwanga wa balbu ukafifia.

Nilipomweleza fundi mkuu kwamba ninahofia moto, alicheka kwa adabu. "Ustadhi, hii si petroli. Sufuria ya mama jikoni ni alumini. Umewahi kuiona ikiwaka?"

Swali lake lina haki ya kujibiwa. Sufuria haiwaki kwa sababu joto husambaa katika mwili wake wote, na hewa huigusa kwa juu tu. Alumini hiyo hiyo ikisagwa ikawa laini kama unga, kila chembe huzungukwa na hewa, nayo hushika moto kwa kufumba na kufumbua. Wingu zima likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, hewa hutanuka ghafla isipate pa kutokea, na hapo ndipo kuta hupasuka. Hata unga wa chakula hufanya hivyo. Mwaka 1785, mjini Turin, Italia, kijana alikuwa akikoroga unga kwa koleo katika ghala la mwoka mikate, taa ikiwaka ukutani, ghala likalipuka.

Msiba mkubwa zaidi wa vumbi la alumini katika zama zetu ulitokea Kunshan, China, asubuhi ya tarehe 2 Agosti 2014, katika kiwanda kilichokuwa kikisugua na kung'arisha rimu za magari. Mitambo ya kufyonza vumbi haikuwa ikisafishwa ipasavyo. Vumbi lililorundikana katika pipa lenye kutu lilipata unyevu, likapata joto lenyewe kwa lenyewe, kisha likawaka. Waliofariki walifikia 146, wengi wao baada ya kuuguza majeraha ya moto hospitalini. Katika misiba ya namna hii, mlipuko wa kwanza aghalabu ni mdogo. Huo hutikisa jengo na kuliangusha vumbi lililolala juu ya kenchi na makabati, nalo likiwaka ndipo watu hufa. Utando usiofikia unene wa milimita 1, ukienea chumbani, watosha.

Sisemi kwamba kila karakana ya Pemba ni bomu. Msumeno hutoa vipande vikubwa visivyoshika moto kwa urahisi, na fundi afanyaye kazi barazani upepo humsaidia. Hatari ni ule unga laini wa grenda na msasa, hasa milango inapofungwa kwa sababu ya mvua.

Kompresa, basi, isitumike kupuliza vumbi. Lifagiliwe taratibu kwa fagio laini kila jioni, pamoja na lile la juu ya kenchi ambalo hakuna alitazamaye, likatiwe katika debe kavu na kutolewa nje. Lisimwagwe kamwe kwenye jaa linalochomwa moto. Kuchomea na kusaga chuma kufanyike mbali, kwani mbali na cheche zake, unga wa kutu ukichanganyika na wa alumini hutoa moto wenye nguvu ya kuyeyusha chuma. Na ukiwaka, usimwagiwe maji! Alumini inayowaka huyavunja maji na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo nayo hulipuka. Ufunikwe kwa mchanga mkavu, uliolazwa polepole kwa koleo bila kuutimua unga. Mchanga mbichi wa pwani haufai.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mwana anayerudi jioni nguo zikimeremeta kwa vumbi hilo asiketi karibu na jiko la mkaa kabla hajazibadilisha. Na tusione haya kumuuliza fundi anavyowalinda vijana wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Na. 8 ya mwaka 2005, imemwekea mwajiri wajibu huo.

Tulirudi kwa yule fundi tukiwa wawili. Tuliomba iandikwe katika makubaliano kwamba fremu za msikiti zitasagwa barazani na geti lisichomewe wakati huo. Alilalamikia mvua, na hakukosea. Tukamwongezea fedha za turubai. Madirisha yalichelewa siku 12, na nilipokwenda kuyachukua, yule mwanafunzi alikuwa juu ya ngazi, akifuta kenchi.