Mkono wa Nani? Kichekesho cha Dukani Bagamoyo

Ukisikia "doti" leo unawaza khanga. Enzi za misafara, miaka ya 1870, doti pale Bagamoyo ilikuwa pesa kabisa. Merikani, kitambaa kilichopewa jina la Marekani kilikotoka, kilipimwa kwa mkono: toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Sasa wadau, mkono wa nani?

Hapo ndipo barazani palipochangamka. Muuzaji ana kila sababu ya kupimia mkono mfupi. Mnunuzi naye ana kila sababu ya kumtanguliza mwenzake mrefu kama mnazi. Wapita njia, wote mahakimu!

Ila tupige hesabu. Mkono ukipungua sentimita 5 tu, doti inapungua sentimita 40. Kwenye doti 10 umeliwa mita 4, yaani zaidi ya doti nzima. Na huko bara, njia ya Tabora, chakula cha mpagazi kilinunuliwa kwa kitambaa hichohicho. Kicheko cha barazani kiligeuka njaa njiani.

Nafaka nayo ilipimwa kwa kibaba. Kisawazishwe au kirundikwe? Ubishi uleule! Ndiyo lumbesa ya leo: gunia linavimba kama mlima, bei ileile, na anayeumia ni mkulima, pengine mzazi wako anayekulipia ada. Kwa hiyo ukiona stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani sokoni, usiidharau. Kipimo kikiachiwa mkono wa mtu, mwenye shida ndiye anayepunjwa.