Mafuta Hayapiti Mlangoni Yakiwa Mazima

"Nimeacha chipsi na maandazi. Nakula wali, matunda na chai ya sukari. Mbona kitambi hakiondoki?" Msomaji wetu ameuliza, na jibu lake limo katika safari ya mafuta kabla hayajawa akiba mwilini.

Kwamba gramu moja ya mafuta hubeba kalori 9 na ya wanga 4, tulifundishwa shuleni. Cha ajabu ni kwamba mafuta hayapiti kwenye ngozi ya seli yakiwa mazima. Molekuli yake ni kama kitanda cha sita kwa sita: mlangoni hakipiti mpaka fundi akifungue. Gliseroli ndiyo kichwa cha kitanda, na asidi tatu za mafuta ndizo mbao zake. Katika utumbo mwembamba, kimeng'enya cha kongosho hung'oa mbao mbili za pembeni na kuiacha ya katikati. Vipande vikishapita, seli za utumbo hukiunga kitanda upya na kukisafirisha kwa mishipa ya limfu hadi kwenye damu. Kikifika kwenye seli za mafuta, mlango mwingine! Kimeng'enya kinachokaa kwenye kuta za vimishipa vya damu hukifungua tena. Mbao huingia, kichwa hubaki nje, kikachukuliwa na damu hadi kwenye ini.

Sasa seli ina mbao tupu. Itaunga kitanda kwa kichwa kipi? Hujitengenezea kipya, na malighafi yake ni glukosi, sukari ile ile iliyotoka kwenye wali, tunda au chai. Hapo ndipo insulini, homoni inayopanda tukila wanga, inapofanya kazi mbili kwa mpigo: huifungulia glukosi njia ya kuingia kwenye seli ya mafuta, na huwazuia mafundi wa kufungua wasiguse vitanda vilivyokwisha kuungwa.

Wanga ukizidi mahitaji, mwili hutumia sukari kwanza, na hata yale mafuta machache ya kwenye mchuzi huwekwa akiba. Insulini ikishuka, hasa usiku, vitanda hufunguliwa na misuli ikapata mbao za kuchoma.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kuacha chipsi ni hatua nzuri, ila haitoshi. Kama huna kisukari wala hutumii dawa zake, punguza wali na sukari ya chai, na ukishakula cha jioni usiguse kingine mpaka asubuhi.