Mizani ya Nguvu Katika Maziwa Makuu: Somo la Niboye na Hofu ya Majirani

Katika sekta ya Niboye, wilayani Kicukiro, jijini Kigali, kipo chuo cha ufundi cha serikali ambacho zamani kilikuwa shule ya mapadre Wasalesiani, ikijulikana kwa herufi tatu, ETO. Mwezi wa Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, watu wapatao 2,000 waliikimbilia shule hiyo. Kuta zake hazikuwa ngome. Kilichowavuta ni bendera ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa askari wapatao 90 wa Ubelgiji, wa kikosi cha UNAMIR, walikuwa wamepiga kambi humo.

Tarehe 11 Aprili askari hao waliamriwa kuondoka. Magari yao yalipokwisha kutoka, wauaji waliokuwa wakingoja nje wakaingia. Wakimbizi waliswagwa kwa miguu hadi Nyanza, kilomita chache kutoka hapo, na wengi wao wakauawa siku ile ile. Siku kumi baadaye Baraza la Usalama liliamua kwamba kikosi hicho, kilichokuwa na askari wapatao 2,500 mwanzoni mwa mwezi, kipunguzwe hadi watu 270.

Yeyote atakaye kuielewa mizani ya nguvu za kijeshi katika nchi za Maziwa Makuu hana budi kuanzia kwenye lango hilo. Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Serikali iliyoshika madaraka Kigali mwezi wa Julai 1994 ilitoka na somo kwamba ulinzi wa kuazima huondoka pamoja na mwenyewe, na kwamba adui asisubiriwe mpaka abishe hodi. Hakuna awezaye kulibeza somo hilo. Walakini nchi jirani nazo zina makaburi yao na masomo yao, na hapo ndipo ugumu wa eneo zima unapoanzia.

RAMANI HAIPIGANI

Kwa hesabu ya ardhi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina kilomita za mraba zipatazo milioni 2.3, na Rwanda ina zaidi kidogo ya 26,000. Kongo yaweza kuibeba Rwanda karibu mara 90. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Wanyarwanda milioni 13.2, ilhali wakazi wa Kongo wanakadiriwa kupita milioni 100. Atazamaye ramani peke yake atadhani kwamba hapa hapana mizani ya kupima.

Lakini askari hali ramani. Anahitaji posho, risasi, mafuta na dawa, na vyote hivyo lazima vimfikie alipo. Kutoka Kinshasa hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na hakuna barabara ya lami iunganishayo miji hiyo miwili moja kwa moja. Kutoka Kigali hadi Goma ni safari ya saa chache kwa gari, na nyumba za Goma zinapakana na za Gisenyi. Hivyo nchi kubwa hupigana mbali na ghala lake, na nchi ndogo hupigana mlangoni pake. Mshahara wa askari unapochelewa au kupotea njiani, ukubwa wa nchi hugeuka kuwa mzigo.

Historia imelithibitisha jambo hilo, na pia imeonyesha mpaka wake. Mwezi wa Agosti 1998 majeshi ya Rwanda na washirika wake yalisafirishwa kwa ndege kutoka Goma hadi kambi ya Kitona, karibu na bahari ya Atlantiki, yakaitishia Kinshasa kutoka upande wa pili wa nchi. Lilikuwa tendo la ujasiri usio wa kawaida. Hata hivyo Angola na Zimbabwe ziliingia upande wa Kinshasa, na katika muda wa wiki chache mizani ikageuka. Haikupata kugeuka tena kiasi cha kumpa upande wowote ushindi kamili, na vita viliendelea kwa miaka.

RAFIKI WA LEO

Uzito wa pili katika mizani ni marafiki. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Tanzania yakiwa na vifaru na ndege za kivita, yakaiteka sehemu ya Kagera, na baadaye Libya ikapeleka askari wake kumsaidia. Tanzania iliita mgambo na raia, ikapanua jeshi lake kwa haraka, ikaungana na Waganda waliokuwa uhamishoni. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Rafiki wa mbali aliyeleta zana hakufua dafu mbele ya taifa lililoamini kwamba limechokozwa kwao.

Hata hivyo urafiki wa vitani haudumu daima. Rwanda na Uganda, zilizoingia Kongo pamoja, zilipigana zenyewe kwa zenyewe ndani ya mji wa Kisangani mwaka 1999 na tena mwaka 2000. Mapigano ya mwezi wa Juni 2000 yalichukua siku sita, na mamia ya raia wa Kongo wakafa katika ugomvi wa wageni wawili. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitia Uganda hatiani mwaka 2005 kwa vitendo vyake nchini Kongo, na mwaka 2022 ikaiamuru kulipa dola milioni 325. Deni hilo lililipiwa na walipa kodi, wakiwemo waliokuwa hawajazaliwa siku mizinga ilipolia.

Mfano wa tatu ni wa M23. Mwaka 2013 brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ilishirikiana na jeshi la Kongo kulishinda kundi hilo. Kundi hilo lilipofufuka mwishoni mwa mwaka 2021 na vita kupamba moto, nchi zile zile tatu zilirudi, safari hii chini ya bendera ya SADC. Lakini mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitekwa. Afrika Kusini peke yake ilizika askari 14, na mwezi wa Machi SADC ikakomesha jukumu la kikosi chake. Nchi zilikuwa zile zile na ardhi ile ile, matokeo yakawa mengine. Nguvu basi si mali ya kuwekwa akiba. Hupimwa upya kila msimu.

UKUTA NA MBWA

Silaha nazo zimebadilika. Mwaka 2023 Kongo ilipata kutoka China ndege za kivita zisizo na rubani. Januari mwaka huo huo, ndege ya kivita ya Kongo ilishambuliwa kutoka Rwanda ilipokuwa juu ya eneo la mpaka. Kigali ilisema anga yake imevunjwa, na Kinshasa ikasema ndege ilikuwa katika anga yake yenyewe. Goma ilipoanguka, mamluki wa Kiromania wapatao 280, waliokuwa upande wa serikali ya Kongo, walisalimu amri wakavushwa kuingia Rwanda. Fedha zilizowaleta hazikuweza kununua moyo wa kufia nchi ya watu.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza katika taarifa yao ya Julai 2024 kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa ndani ya Kongo pamoja na M23. Rwanda imekana kuliunga mkono kundi hilo, na husema kwamba imechukua hatua za kujilinda dhidi ya FDLR, kundi ambalo chimbuko lake ni mabaki ya waliotenda mauaji ya kimbari. Kongo huziita hatua hizo uvamizi. Burundi, iliyopeleka majeshi Kivu ya Kusini kuisaidia Kinshasa, iliufunga mpaka wake na Rwanda mwezi wa Januari 2024. Uganda nayo iliingiza majeshi yake Ituri na Kivu ya Kaskazini kuanzia Novemba 2021, kwa makubaliano na Kinshasa, kuwasaka waasi wa ADF.

Kila mmoja kati ya hao hudai kwamba anajilinda, na pengine kila mmoja husadiki hivyo. Mwenye nyumba akiinua ukuta, jirani huuliza anaficha nini. Akifuga mbwa mmoja, jirani hufuga wawili. Mwishowe mtaa mzima haulali kwa kubweka, wala hakuna aliyeibiwa kidogo kuliko zamani.

GHARAMA HUFIKA JIKONI

Mizani hii si habari ya makao makuu ya majeshi tu. Mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa mwezi wa Februari 2019, ukafunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Kwa muda wa karibu miaka mitatu wafanyabiashara walipoteza soko, na jamaa wa pande mbili walishindwa kuzikana. Huko Gisenyi na Goma, wanawake waliozoea kuvuka kila asubuhi na mboga, maziwa na samaki ndio wa kwanza kujua kwamba majeshi yamesogea, kwa kuwa lango hufungwa kabla redio haijatangaza. Mke wa askari hujua kwa njia nyingine: barua haiji, simu haijibiwi.

Mikataba haikukosekana. Ulitiwa saini wa Lusaka mwaka 1999, wa Pretoria mwaka 2002, wa Addis Ababa mwaka 2013. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia saini mjini Washington, na tarehe 4 Desemba marais wao wakauthibitisha. Siku chache baadaye M23 waliingia Uvira, kando ya ziwa Tanganyika. Wino ulikuwa haujakauka.

Hata hivyo mkataba wa Washington umeligusa jambo lililo kiini cha ugomvi: umefungamanisha kuliangamiza kundi la FDLR na kuondolewa kwa hatua za kijeshi za Rwanda. Hofu mbili zimewekwa katika sahani mbili za mizani moja. Likitendwa moja na kuachwa jingine, mizani itainama na bunduki zitarudi. Yakitendwa yote mawili kwa pamoja, hatua kwa hatua, mbele ya wakaguzi wanaoaminiwa na pande zote, huenda kila nchi ikabaki na jeshi lake imara bila jirani kuamka usiku kuhesabu vifaru vyake.