Tovuti ya Kueleza Mfumo wa Usanifu, na Jinsi Inavyoanzishwa

Wasomaji wengi wa gazeti hili wajua kuwa tovuti hutengenezwa na mafundi wa kompyuta, lakini ni wachache waliopata kujiuliza kwa nini kurasa za idara nyingi zaweza kufanana kama wanafunzi waliovaa sare moja. Sababu ni kwamba mafundi hao hufuata mfumo mmoja wa usanifu: vitufe, visanduku vya kujazia, rangi na hati zilizokwisha kukubaliwa. Mfumo huo nao hauna budi kuelezwa mahali fulani, na mahali penyewe ni tovuti.

Mfano mzuri ni GOV.UK Design System, ambayo serikali ya Uingereza iliifungua mwaka 2018. Tovuti hiyo haikuwekwa kwa ajili ya raia anayeomba leseni, bali kwa ajili ya fundi anayemtengenezea fomu.

Kazi ya kwanza si kuandika programu. Ni kukusanya vitu vilivyopo, kuhesabu aina za vitufe (nazo huwa nyingi ajabu), na kuamua ni zipi zibaki. Ndipo kila kitu kiandikiwe ukurasa wake, wenye mfano unaofanya kazi, msimbo wa kunakili, wakati wa kukitumia, na wakati wa kutokitumia. Hilo la mwisho naliona bora kuliko yote. Mathalani, kwa tarehe ya kuzaliwa Waingereza hao hushauri visanduku vitatu, cha siku, mwezi na mwaka, wala si kalenda. Maana mzee wa miaka sabini aijua tarehe yake, ya nini kumfunulisha kurasa za miaka yote hiyo?

Kuhusu majina, washauri kisanduku kimoja cha jina zima, ikiwa hakuna haja ya kuyatenga, kwa kuwa majina ya watu hayakuundwa kwa namna moja. Jambo hili latugusa sisi. Fomu ikilazimisha majina matatu, mwenye mawili afanyeje? Ataandika lolote ili apite, na baadaye jina lake halitalingana na cheti chake. Hasara ni yake, hali kosa ni la fomu.

Kurasa zenyewe huandikwa katika faili za maandishi ya kawaida, kisha programu huzigeuza kuwa tovuti. Yafaa mfano unaoonekana na msimbo wake vitoke katika faili moja, ili visije vikapingana. Kila toleo lipewe namba, na mabadiliko yake yaandikwe. Tena awepo mtu wa kuitunza, la sivyo kitufe kitabadilika na ukurasa utaendelea kueleza kile cha zamani.

Msimbo wa Waingereza hao u wazi, na yeyote aweza kuutumia bila malipo. Ila hati yao iitwayo GDS Transport, iliyotokana na ile ya alama za barabarani ya Jock Kinneir na Margaret Calvert, yaruhusiwa kwenye huduma za GOV.UK tu, anayetaka kuiga hana budi kuchagua nyingine.