Utandawazi na Elimu ya Juu Kati ya Ruiru na Thika: Swali la Lugha

Utangulizi

Neno utandawazi limejengwa juu ya kitenzi tanda na neno wazi. Kitenzi hicho twakitumia tunaposema kwamba wingu limetanda au giza limetanda, yaani jambo limetoka mahali fulani likaenea hadi likafunika kila kitu. Huenda ndiyo sababu wengi wetu huuzungumzia utandawazi kana kwamba ni wingu: umetoka mbali, umetufunika, nasi hatuna la kufanya ila kungojea yatakayotokea. Mtazamo huo hautoshi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi utandawazi ulivyoibadili elimu ya juu katika eneo moja dogo, yaani ukanda wa barabara inayotoka Kahawa, mpakani mwa Nairobi, ikapita Ruiru na Juja hata Thika. Hoja yetu ni kwamba vyuo vya ukanda huu vimefungua milango mingi ya kuelekea ng'ambo, lakini mlango wa kuelekea kwa jirani umebaki mwembamba. Mlango huo ni lugha, na ufunguo wake umo mikononi mwa idara kama zetu.

Uhusiano wa tangu mwanzo

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba elimu ya juu ya Afrika Mashariki haikupata kuwa mambo ya nyumbani peke yake. Makerere ilianza kutayarisha wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na chuo cha Nairobi kikafuata njia iyo hiyo mwaka 1961. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoziunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kilidumu tangu 1963 hadi 1970. Kwa hiyo kipimo cha elimu kilitoka nje kabla neno utandawazi halijaundwa.

Ukanda tunaouchunguza waonyesha jambo hilo waziwazi. Chuo Kikuu cha Kenyatta kipo mahali palipokuwa na kambi ya jeshi la Waingereza, iliyokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965 ikageuzwa kuwa chuo. Mwaka 1970 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1985 kikawa chuo kikuu kamili. Huko Juja, katikati ya Ruiru na Thika, chuo cha kilimo na teknolojia kilichopewa jina la Jomo Kenyatta kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani. Kikafikia daraja ya chuo kikuu kamili mwaka 1994. Mwingereza aliacha majengo, Mjapani akaleta mitambo na walimu, na Mkenya akatoa ardhi na wanafunzi.

Mabadiliko ya miaka ya karibuni

Ikiwa uhusiano na nchi za nje ni wa zamani hivyo, ni kipi basi kilichobadilika? Twaweza kutaja mambo matatu.

La kwanza ni kwamba elimu imekuwa bidhaa inayovuka mipaka. Zamani chuo kikuu kilikuwa kazi ya serikali, na mwanafunzi aliyechaguliwa aligharimiwa na serikali. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mpango wa kuwapokea wanafunzi wanaojilipia karo, na vyuo vingine vya umma vikafanya vivyo hivyo. Vyuo vya watu binafsi navyo vikakua. Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichoanza mjini Thika kama chuo kidogo cha mafunzo ya kompyuta, kilipata hati ya kuwa chuo kikuu mwaka 2011. Hakikuishia Thika. Kilifungua kampasi Kigali, na kampasi hiyo baadaye ikajitegemea na kuitwa Mount Kigali University. Chuo cha Zetech, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1999, nacho kilipata hati yake baadaye, na kampasi yake kuu iko Ruiru. Hivyo mji uliojulikana kwa viwanda na mananasi sasa husafirisha shahada pia.

La pili ni kwamba washirika wameongezeka. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ilijengwa upya na makampuni ya Kichina na kufunguliwa rasmi mwaka 2012. Mwaka uo huo Chuo Kikuu cha Afrika Nzima, kilicho chini ya Umoja wa Afrika, kilianza masomo ya taasisi yake ya sayansi, teknolojia na ubunifu huko Juja, na kupokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka nchi nyingi za bara hili. Kituo cha utafiti cha ushirikiano wa China na Afrika nacho kimejengwa katika uwanja uo huo.

La tatu ni intaneti. Vyuo vilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, masomo mengi yalihamia katika kompyuta na simu. Mwaka 2023 Kenya ikatoa hati kwa Chuo Kikuu Huria, ambacho hufundisha kwa njia ya intaneti. Tangu hapo mwanafunzi aliyeko Ruiru aweza kusikiliza mhadhara wa mwalimu aliyeko bara jingine, na chuo cha Thika hakishindani tena na jirani yake tu.

Hali ya lugha

Katika mabadiliko yote hayo, lugha ya kufundishia sayansi, biashara na uhandisi ni Kiingereza. Hatuna haja ya kulaani jambo hilo. Mzazi anayeuza shamba ili mwanawe asome ana haki ya kutaka lugha itakayompatia kijana huyo kazi Nairobi, Dubai au London. Kadhalika, mwanafunzi atokaye nchi inayotumia Kifaransa na yule wa Kenya huhitaji lugha moja ya kuandikia tasnifu.

Hata hivyo, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Dar es Salaam imeonyesha tangu 1970, ilipoanzishwa Idara ya Kiswahili, kwamba shahada nzima yaweza kufundishwa kwa lugha hii. Istilahi zenyewe zaonyesha uwezo wake. Shahada ni ushahidi: aliyeipata ameshuhudiwa kuwa anajua. Uzamivu umetokana na kuzama: mwenye shahada hiyo amepiga mbizi katika jambo moja. Lakini ushahidi hutolewa mbele ya watu, na mzamiaji hutazamiwa kuibuka na kitu mkononi. Tasnifu isiyoweza kusimuliwa kwa watu wanaolizunguka chuo imezama bila kuibuka.

Mfano wa kahawa ya Ruiru

Ili hoja hii isielee hewani, tuutazame mfano wa jirani wa vyuo hivi, yaani kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru. Kituo hiki si chuo kikuu, lakini kazi yake ni ile ile ya kuzalisha maarifa, nacho kilifanya hivyo kwa kuchota kutoka duniani kote. Ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha buni zingali mbichi, uligunduliwa Kenya mwaka 1922, na mwishoni mwa miaka ya 1960 uliwatia wakulima hasara kubwa. Watafiti wa Ruiru wakaanza kuzalisha aina mpya. Walitumia mimea yenye asili ya Sudan, Kolombia na kisiwa cha Timor, wakaichanganya na aina bora za Kenya. Mwaka 1985 wakatoa aina inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, wakaiita Ruiru 11. Leo wataalamu wa kahawa wa nchi nyingi hulitaja jina la mji huu. Huo ni utandawazi ambao haukutufunika kutoka juu, bali tuliushiriki.

Sasa tutazame upande wa lugha. Ruiru 11 ni chotara, na mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono. Mkulima akiotesha mbegu aliyoiokota chini ya mti wake mwenyewe, hana hakika kwamba miche yake itakuwa na sifa za mama yao. Hili si jambo dogo: mti wa kahawa hungojewa miaka kadhaa kabla haujazaa vizuri, na aliyekosea mwanzoni hupoteza miaka hiyo yote. Kumwambia tu asioteshe mbegu zake hakutoshi, kwani kwa mazao mengine amezoea kufanya hivyo. Yampasa aelezwe kwa nini, na maelezo hayo yahitaji maneno: chotara, uchavushaji, urithi, ukinzani. Maneno hayo yapo. Maneno chulebuni, chotara na kutu ya majani hutumiwa na wataalamu na wakulima wa Tanzania. Yaliyokosekana ni daraja kati ya maabara, kamusi na shamba.

Hitimisho

Tumeona kwamba utandawazi umeleta wanafunzi, fedha, washirika na vyombo vipya katika ukanda wa Ruiru na Thika, na kwamba haya hayatarudi nyuma. Swali lililobaki ni nani atakayenufaika na maarifa yanayopita hapa. Twapendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa idara za Kiswahili. Kwanza, kila tasnifu ya sayansi iwe na ikisiri ya Kiswahili, iliyokaguliwa na mwalimu wa lugha pamoja na mwalimu wa somo. Pili, istilahi zitokanazo na kazi hiyo zilinganishwe na zile za Tanzania kupitia Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, ili tusiwe na maneno mawili kwa ugonjwa mmoja. Tatu, wanafunzi wageni wafundishwe Kiswahili wakati wa masomo yao, hasa kwa kuwa Umoja wa Afrika uliipokea lugha hii kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022.

Kazi hii haina fahari ya kampasi mpya wala ya mkataba wa ng'ambo. Lakini mashamba ya kahawa ya Ruiru na Juja yanazidi kugeuzwa kuwa nyumba, na nyingi kati ya hizo ni za kupangishia wanafunzi. Ikiwa mkulima ameipisha elimu hata katika ardhi, si haki elimu hiyo impite mlangoni ikizungumza lugha asiyoielewa.