Sayansi ya Futari: Mwezi wa Vyakula katika Mji wa Zanzibar

Kila mwaka, kwa muda wa siku 29 au 30, mji wa Zanzibar hubadili saa zake za kula. Mchana mikahawa hufungwa na majiko hupoa. Lakini baada ya sala ya alasiri, moshi na harufu huanza kutanda katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, hujaa wanunuzi wa muhogo, ndizi mbichi, magimbi na viazi vikuu. Kandokando ya njia hupangwa sambusa, bajia, katlesi, kalimati, vitumbua na mikate ya ufuta. Jua likizama watu hufuturu majumbani. Na baada ya sala ya tarawehe wengi huteremka Forodhani, kwenye bustani iliyo mbele ya bahari, ambako mishikaki, pweza na urojo huuzwa mpaka usiku mkubwa.

Ramadhani ni ibada, wala si tamasha, na wenyeji hawapendi ichukuliwe vinginevyo. Hata hivyo hakuna wakati mwingine wa mwaka ambapo mji mzima hupika kwa bidii kama hiyo, wala ambapo ustadi wa wapishi hupimwa na watu wengi kiasi hicho. Mwezi huo, pamoja na sikukuu ya Idi inayoufuata, ni maabara makubwa ya kemia na ya elimu ya viumbe, na mwanafunzi aliye na macho ataweza kujifunza mengi humo bila kununua hata chupa moja ya dawa za maabara.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni kalenda yenyewe. Mwezi mwandamo huchukua wastani wa siku 29 na nusu na kitu kidogo, hivyo miezi kumi na miwili hufanya siku 354 hivi. Mwaka wa jua ni mrefu zaidi kwa siku zipatazo 11. Kwa sababu hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na baada ya miaka kama 33 huwa imezunguka majira yote. Mwaka 2016 ilianza mwezi wa Juni, wakati wa kipupwe. Mwaka 2022 ilianza Aprili, katikati ya mvua za masika. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, joto la kaskazi likiwa bado kali. Na katika mwaka 2030 wanafunzi wa leo watashuhudia jambo la nadra: Ramadhani kuanza mara mbili katika mwaka mmoja, Januari na tena Desemba.

Ugeugeu huo hauhusu embe na ndimu za msimu tu. Mpishi wa futari hawezi kusema kwamba mazoea ya Ramadhani ya utoto wake yanamfaa leo, kwani chakula kilichokaa salama juu ya meza katika upepo wa Julai huharibika upesi zaidi katika joto la Februari. Jambo hili litarejewa hapo mbele.

Urefu wa saumu, kwa upande mwingine, haubadiliki sana. Zanzibar iko kwenye latitudo ya nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja. Mfungaji wa Unguja hukaa bila ya chakula na maji kwa saa zipatazo kumi na tatu na nusu, iwe Juni au Desemba. Katika muda huo mwili hutumia sukari ambayo ini limeihifadhi katika umbo la glaikojeni. Jioni akiba hiyo huwa imepungua sana. Ndipo inapoonekana hekima ya kufungua kwa tende: zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo ni glukosi na fruktosi, ambazo hazihitaji kumeng'enywa kwanza kabla ya kupita kwenye ukuta wa utumbo na kuingia katika damu.

Baada ya tende na uji huja futari yenyewe, yaani vyakula vya wanga vilivyopikwa kwa tui la nazi. Chembe za wanga ni kama vifuko vidogo vilivyofungwa. Zikichemshwa katika maji hunyonya maji na kuvimba, kuanzia kiasi cha nyuzi 60 za Sentigredi, nao muhogo ukalainika. Tui lina tabia nyingine. Hilo ni matone madogo mno ya mafuta yaliyoenea katika maji na kuzuiwa yasiungane na protini za nazi. Joto kali la muda mrefu huharibu protini hizo. Matone huungana, mafuta huelea juu, na mpishi husema kwamba tui limekatika. Wapishi wa pwani walipata dawa yake zamani, kabla ya kemia kuingia madarasani. Muhogo huchemshwa kwanza kwa tui jepesi la mkamuo wa pili au wa tatu. Kasimile, yaani lile tui zito la mkamuo wa kwanza, hutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, na chungu hukorogwa polepole mpaka kiepuliwe.

Forodhani, chakula kinachostahili kutazamwa kwa muda mrefu ni urojo, ambao baadhi ya watu wa bara huuita miksi. Msingi wake ni mchuzi wa unga uliotiwa manjano na kuchachuliwa kwa embe bichi, ukwaju au ndimu. Ndani yake hutiwa viazi, bajia, kachori, vipande vya mishikaki, chatine ya nazi, pilipili na vibanzi vya muhogo. Rangi yake ya dhahabu hutokana na kurkumini iliyomo katika manjano, na hapa walimu wanaweza kufanya jaribio lisilo na gharama. Loweka manjano katika spiriti, chovya karatasi nyeupe, uianike. Karatasi hiyo ikitonewa ndimu itabaki ya njano. Ikitonewa maji ya sabuni ya kufulia au ya magadi itageuka nyekundu ya kahawia. Kila mama aliyewahi kufua nguo iliyomwagikiwa mchuzi ameliona jaribio hilo, ingawa huenda hakulifurahia.

Mishikaki nayo ina siri zake mbili. Nyama hupakwa papai bichi, ambalo lina kimeng'enya kiitwacho papaini kinachokata minyororo ya protini; ikiachwa humo mno nyama hugeuka rojo. Kisha juu ya makaa, protini na sukari za juu ya nyama huungana na kutoa ile rangi ya hudhurungi na harufu inayomvuta mpita njia. Mfaransa Louis Camille Maillard ndiye aliyeeleza mbadiliko huo mwaka 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Ndimu katika urojo haikuwekwa kwa ladha tu, na hapo ndipo habari hii inapogusa maisha ya watu. Zanzibar imefahamiana na kipindupindu kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1869 na 1870 ugonjwa huo uliushambulia mji vibaya, na daktari Mwingereza James Christie, aliyekuwa akifanya kazi humo, alifuatilia jinsi ulivyosafiri katika njia za misafara, za mahujaji na za majahazi. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1876, miaka kadhaa kabla Robert Koch hajamtenga kijidudu chenyewe na kumwonyesha kwa ulimwengu. Katika zama za karibu zaidi, mwaka 1978 ugonjwa ulizuka katika kijiji cha wavuvi. Watu 411 waliugua na 51 wakafa. Milipuko mingine ilifuata mara kwa mara. Mwezi wa Aprili 2016, ikiwa zimebaki wiki chache Ramadhani ianze, serikali ya Zanzibar ilifunga shule na kupiga marufuku uuzaji wa vyakula na vinywaji hadharani.

Amri kama hiyo inaeleweka, lakini uzito wake haukuwaangukia watu wote sawasawa. Mwenye mkahawa wa mawe na bomba la maji anaweza kusubiri. Mama anayekaanga bajia barazani, na kijana wa juisi ya miwa, hawana akiba ya kusubiria. Kwa hiyo kujua kijidudu huzaana wapi na kwa kasi gani si elimu ya mtihani peke yake. Ndiyo inayoweza kutenganisha biashara ya hatari na biashara isiyo ya hatari, badala ya zote kufungwa pamoja.

Tumbo lenye afya lina asidi kali inayoua vijidudu wengi wa kipindupindu. Ndiyo maana mtu anayekunywa maji machafu huhitaji kumeza idadi kubwa sana ya vijidudu ili augue. Chakula, hata hivyo, hupunguza ukali wa asidi hiyo, na zaidi ya hapo huwapa vijidudu malisho ya kuzaana kabla ya kuliwa. Baadhi ya bakteria, wakipata joto na chakula, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Bakteria mmoja aliyeingia katika chakula saa tisa alasiri atakuwa amejigawa mara 18 kufikia saa tatu usiku, na hesabu yake itakuwa 262,144. Mwanafunzi na aihakikishe hesabu hiyo mwenyewe. Shirika la Afya Duniani hutaja nyuzi 5 hadi 60 za Sentigredi kuwa ndio uwanja wa hatari, na hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika uwanja huo zaidi ya saa mbili. Usiku wa Zanzibar katika kaskazi, wenye nyuzi 25 au zaidi, umo ndani ya uwanja huo kabisa.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha idadi ya wagonjwa wa kipindupindu visiwani na hali ya hewa. Ulionyesha kwamba kila joto lilipopanda kwa nyuzi moja, wagonjwa waliongezeka kiasi cha mara mbili baada ya miezi minne. Na mvua ikizidi kwa milimita 200 waliongezeka mara 1.6 baada ya miezi miwili. Ramadhani inayohama kutoka kipupwe hadi masika na kaskazi kwa hiyo hukutana na hatari zisizolingana.

Basi ni nini katika meza ya Forodhani kinachopaswa kuogopwa? Si mishikaki inayotoka motoni mbele ya mnunuzi. Wala si mchuzi wa urojo, maadamu unachemka na ni mkali kwa ndimu. Utafiti uliofanywa Guinea-Bissau na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba maji ya ndimu yaliyotiwa katika chakula yaliwakinga watu kwa kiasi fulani dhidi ya kipindupindu, na katika maabara yalizuia vijidudu kukua. Kinga hiyo haishindi ile ya kuchemsha, lakini si ya kudharauliwa. Cha kutiliwa shaka zaidi ni chatine ya nazi, kwa kuwa mara nyingi husagwa kwa mkono na maji, haipikwi, na hukaa nje jioni nzima. Mwaka 1991 watu wachache katika jimbo la Maryland, Marekani, waliugua kipindupindu kwa kula tui lililogandishwa kutoka Thailand. Mkasa huo ulifundisha mambo mawili kwa pamoja: nazi ni malisho mazuri kwa kijidudu hicho, na kugandisha hakumwui kwa hakika. Barafu katika juisi ya miwa haiwi safi kwa sababu ya ubaridi wake. Ni safi ikiwa maji yake yalikuwa safi.

Wako pia wadudu wasiokomeshwa na moto. Bakteria wa jamii ya Staphylococcus, wanaokaa katika pua na katika majeraha ya vidole, huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiharibiwi kwa kupashwa moto. Bacillus cereus, anayependa wali, hujifunika kwa ganda gumu linalostahimili kuchemshwa, kisha huamka chakula kinapopoa polepole.

Huyu wa mwisho ndiye mgeni wa Idi asiyealikwa. Asubuhi ya Idi mosi masufuria makubwa ya pilau na biriani hupaliwa makaa juu na chini, jamaa hutembeleana, watoto hupelekwa Mnazi Mmoja kwenye pembea na vinyago, na chakula hubaki kingi. Sufuria lenye wali wa kina cha sentimita 20, likifunikwa na kuachwa jikoni, hubaki vuguvugu katikati mpaka usiku. Muda wa joto kutoka ndani ya kitu kizito kama wali hufuata takribani mraba wa kina chake: kina kikipungua mara nne, muda hupungua mara kumi na sita. Kwa hiyo wali uleule ukitandazwa katika masinia kwa kina cha sentimita 5 mara tu wageni wanapoondoka, kisha ukawekwa katika jokofu, huwa umepita uwanja wa hatari kabla bakteria hawajapata nafasi. Nyumba isiyo na jokofu hufanya vyema kugawa masinia hayo kwa majirani kabla ya magharibi, na kumnyima mtoto kiporo cha asubuhi hata akililia.