Nani Atafundisha Baavoka wa Kesho Kupleda?

Miye ni mutu wa agronomi, siko avoka. Lakini kuna ulizo moja inatugusa sisi wote huku Lualaba: kama fakulte ya sheria inataka kufungua programu ya kufundisha wanafunzi kupleda, direkteri wake atachaguliwa namna gani?

Tuelewane kwanza. Mwanafunzi wa sheria anasoma miaka mingi: sheria ya familia, ya udongo, ya migodi. Kujua ile yote ni kitu kimoja. Kusimama mbele ya zuzi, kuuliza shahidi, kusoma rapoti ya eksperi na kuonyesha pale haisemi kweli, ni kitu ingine. Hiyo ya pili, wengi wanaijifunza paka mu staji, kwa avoka mukubwa. Kama mukubwa hana wakati, kijana anamubebea dosiye tu.

Inamugusa mulimaji namna gani? Artikle 281 ya sheria ya migodi inasema: mwenye mugodi akikamata udongo wa mutu, analipa bei ya kuulipanga, ao bei ya ule udongo siku aliukamata, pamoja na nusu yake juu. Udongo wa dolari 2,000 unalipwa 3,000. Mu karatasi ni vizuri. Lakini 2,000 yenyewe nani aliihesabu? Na mazao je? Muhogo kwetu unaweza kukaa mu shamba miezi 12 mpaka 18. Ukihesabiwa kwa mwezi wa 6, unaonekana kama kitu ya bure. Manga ya kupandikiza inaomba miaka 3 mpaka 5 mbele ya kuzaa. Avoka mwenye hakufundishwa kuuliza «mulihesabu mwezi gani, na kwa bei ya soko gani?» anaacha mama wa watu anapoteza chakula cha mwaka muzima. Na hii haiko hadisi ya mbali. Mwezi wa 9, 2023, Amnesty International na IBGDH, shirika la hapa Kolwezi, walitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa sababu ya migodi. Cité Gécamines iko ndani.

Tuangalie majirani. Tanzania wana shule nzima ya kazi hii, Law School of Tanzania, iliyoundwa na sheria ya 2007: ukimaliza chuo, unapita pale mbele ya kuwa wakili. Mu 2022 matokeo yalishitua inchi: kwa wanafunzi 633, walipita mara ya kwanza 26 tu. Waziri Damas Ndumbaro aliunda kamati ya watu saba, Harrison Mwakyembe akaiongoza. Wengine walisema kosa ni la vyuo, wengine la shule yenyewe. Kwetu fundisho ni hili: kufungua programu haitoshi. Lazima kuwe mutu mwenye kujibu: vijana wanafundishwa nini, na nani anawapima?

Basi, namna ya kumuchagua. Sisi wa agronomi hatuamini mbegu juu ya mufuko wake. Tunaweka 100 mu kitambaa cha maji, tunahesabu ngapi zimeota. Tufanye vile na direkteri.

Moja: kazi iandikwe mbele ya kutafuta mutu. Kutengeneza masambisho ya mazoezi, kutafuta baavoka na mazuzi wa kufundisha, kufuata wanafunzi mu staji. Kisha tangazo libandikwe wazi, kila mutu aone.

Mbili: diplome kubwa ni nzuri, lakini aonyeshe pia kesi alizopleda yeye mwenyewe.

Tatu: apimwe mu kazi. Mumupe mwanafunzi mwenye amepleda mubaya, mumwachie dakika 20 amurekebishe mbele ya juri. Kuna baavoka wanaongea kama radio, lakini kufundisha hawawezi.

Ine: juri isikuwe ya maprofesa tu. Awemo avoka wa baro, zuzi wa pansheni, na mutu mwenye anajua mashamba.

Tano, na hii njo nzito mu muji wa migodi: aseme wazi anapledea nani. Avoka wa kampani ana haki ya kazi yake. Lakini kama yeye njo anachagua dosiye za mazoezi, wanafunzi hawataona hata siku moja dosiye ya mulimaji. Vilevile tujue mushahara wake unatoka wapi.

Sita: kontra ya muda, na kila mwaka wanafunzi na baavoka waliowapokea mu staji waseme maoni yao.

Kuna wenye watasema: «Leta peza kwanza.» Ni kweli, peza ni shida. Lakini tangazo la wazi na dakika 20 za kupima mutu haziombi peza mingi. Kumupatia ndugu ya mukubwa ile kiti njo kunakula mingi, na mwenye kulipa ni yule mama wa muhogo.

Wenzetu wa sheria, mutuambie: mulijifunza kupleda wapi, na nani aliwafundisha?